Umeambiwa "umepata kazi" lakini barua haijatoka: maswali ya wauguzi na majibu yake

Majibu haya yanamhusu muuguzi au mkunga aliyefanya usaili katika hospitali binafsi au ya taasisi ya dini Tanzania Bara, akaambiwa kwa mdomo kwamba amechukuliwa, kisha kukawa kimya. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo viwango vya siku na malipo vilivyotajwa hapa visichukuliwe kuwa vya huko. Kenya na kazi za ng'ambo zimeguswa mwishoni.

Matroni amenipigia akasema "umepita, jiandae". Nimeshaajiriwa?

Bado. Unachojua mpaka sasa ni kwamba idara ya uuguzi inakutaka. Ni habari njema, lakini mara nyingi matroni hupendekeza tu na anayesaini ni mtu mwingine: mkurugenzi, mganga mfawidhi, au katibu wa afya katika hospitali za makanisa. Baadhi ya hospitali hizo hungoja hata bodi ikae au ofisi ya dayosisi ipitishe. Kati ya simu ile na saini hiyo kuna kuhakiki leseni yako, kuwapigia wadhamini, kupima afya na kuthibitisha kwamba fedha ya nafasi hiyo ipo. Nafasi inaweza kuanguka popote kati ya hatua hizo bila matroni kuwa amekudanganya.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ni: "Barua ya ajira inasainiwa na nani, na faili langu limefika wapi?" Akijua jibu, jambo lako linatembea. Akibaki na "wewe subiri tu", huenda hata yeye hajaambiwa.

Kisheria, neno la mdomo lina nguvu yoyote?

Lina nguvu kidogo, na nguvu hiyo hutegemea kama umeshaanza kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aweke mkataba kwa maandishi. Inamtaka pia ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Umeanza kazi bila maandishi hayo na mgogoro ukatokea? Mzigo wa kuthibitisha kile mlichokubaliana unamwangukia mwajiri. Kifungu hicho kinawasaidia wengi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Ila kama hujakanyaga wodini, huna zamu hata moja kwenye ratiba na hujalipwa senti, ni vigumu sana kulalamika kwamba "umeachishwa kazi". Hata aliyeanza, akiwa na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, hapati kinga ya kuachishwa isivyo halali. Ndiyo maana nguvu zako nyingi uziweke katika kupata karatasi mapema, kuliko kujiandaa kupigania ahadi iliyovunjika.

Niandike nini bila kuonekana msumbufu?

Andika siku ileile, au kesho yake asubuhi. Ujumbe wa kushukuru unaorudia mliyokubaliana haumuudhi mtu yeyote, na unakupa kumbukumbu yenye tarehe. Kama kuna kosa (ulisikia laki nane, yeye alisema laki saba), litajitokeza hapo hapo. Mfano:

"Shikamoo Mama. Ni mimi (jina kamili), niliyefanya usaili wa wodi ya wazazi Jumanne. Nashukuru sana kwa simu ya leo. Nimeelewa kwamba nafasi ni ya muuguzi wodi ya wazazi, mshahara wa msingi shilingi 800,000 kabla ya makato, na nyumba haimo. Nipo tayari kuja. Mwajiri wangu wa sasa napaswa kumpa notisi ya siku 28, nami nitaiandika mara nitakapopata barua ya ajira iliyosainiwa. Naomba tarehe ya kuanza ihesabiwe kuanzia hapo. Naomba kujua barua itatoka lini na niifuate ofisi gani. Ahsante sana."

Kama anayeshughulikia ni ofisi ya rasilimali watu, tumia barua pepe, ondoa "shikamoo", na uanze na "Ndugu Afisa". WhatsApp si mbaya, mradi usifute mazungumzo, na usitume sauti badala ya maandishi. Jambo muhimu lililosemwa kwa sauti ni vigumu kulipata ukilitafuta baadaye.

Kufuatilia: ukiahidiwa siku fulani, ngoja ipite kwa siku 2 za kazi ndipo uulize. Usipoahidiwa siku, uliza baada ya siku 5 za kazi, kisha tena baada ya wiki. Mara ya tatu ni bora uende mwenyewe kama uko mji uleule, asubuhi, baada ya makabidhiano ya zamu. Ukimfuata matroni saa 1 na nusu asubuhi akiwa anapokea ripoti ya usiku, utajibiwa kwa haraka na vibaya.

Niandike lini barua ya kuacha kazi niliyonayo?

Baada ya kuishika barua mpya iliyosainiwa, yenye mshahara na tarehe ya kuanza. Hapa ndipo watu wengi huumia: wanatoa notisi kwa kuamini simu, mwezi unaisha, kule hakujaeleweka na huku nafasi imeshajazwa.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Mkataba wako unaweza kutaka muda mrefu zaidi, kwa mfano miezi 3, ilimradi muda huo uwe sawa kwenu wote wawili. Usome kabla hujamtajia mtu tarehe. Mwajiri mpya akisema "uanze tarehe 1" na barua ikatoka tarehe 10, notisi yako itaisha karibu tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Ile tarehe 1 imeshakufa, na ni bora mjue mapema.

Ukiondoka katikati ya notisi, mwajiri wa zamani anaweza kukata katika stahili zako kiasi cha siku ambazo hukufanya kazi. Zaidi ya hela, uuguzi ni mtaa mdogo. Mganga mfawidhi uliyemkimbia ndiye atakayepigiwa simu na hospitali ya tatu.

Hospitali nyingine hushikilia kwamba haitoi barua mpaka ulete barua yako ya kuacha kazi ulikotoka. Usikubali mzunguko huo. Omba barua ya ajira yenye masharti, yaani inayosema umeajiriwa ukikamilisha uhakiki na kuwasilisha uthibitisho wa kuachana na mwajiri wa awali. Mwajiri makini hulielewa ombi hilo mara moja.

Waliniambia "laki nane". Ni ya mkononi au kabla ya makato?

Uliza, na uulize kwa neno hilohilo: "mkononi au kabla ya makato?" Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, hesabu ya shilingi 800,000 kabla ya makato huenda hivi:

Mchango wa NSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 10 ni 80,000. Kinachobaki kwa ajili ya kodi ni 720,000. Kodi yake ni 20,000 kwa ngazi inayoishia 520,000, pamoja na asilimia 20 ya 200,000 iliyozidi, yaani 40,000, jumla 60,000. Mkononi unabaki na 660,000. Kama ulisomea shahada kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) na bado unadaiwa, ondoa tena asilimia 15 ya mshahara, 120,000, ubaki na 540,000. Bima ya afya na chama cha wafanyakazi havijaguswa.

Ukigeuza upande wa pili, ili upate 800,000 mkononi bila deni la mkopo, mshahara kabla ya makato unatakiwa kuwa shilingi 1,004,000 na ushei. Msimamizi wa wodi anayetaja namba kwa simu mara nyingi hajui anataja ipi kati ya hizo mbili. Hana nia mbaya, ila wewe ndiye utakayelipa kodi ya nyumba kwa kosa lake.

Uliza pia zamu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zamu za saa 12 bila malipo ya ziada zinahitaji makubaliano ya maandishi. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mshahara wa 800,000, saa moja ni kama 4,100 (gawanya mshahara kwa saa 195 za mwezi), hivyo usiku wenye saa 10 ni nyongeza ya takribani 2,050. Ndogo, lakini ni yako. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu mara mbili. Hospitali ikikwambia "posho zote zimo humo ndani ya laki nane", omba iandikwe mshahara wa msingi ni kiasi gani hasa.

Kwa nini wanachelewa hivi? Wamebadili mawazo?

Mara nyingi hapana. Sababu za kawaida ni hizi: anayesaini amesafiri, bodi hukaa mara moja kwa robo mwaka, mdhamini mmoja hajapokea simu, leseni yako haionekani kuwa hai, au fedha. Hospitali binafsi nyingi hutegemea malipo ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), na mapato hayo yakiyumba, ajira mpya ndizo husimamishwa kwanza. Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei mpya. Katika hali ya namna hiyo hakuna matroni anayeweza kukuhakikishia nafasi, hata awe anakupenda vipi.

Yapo unayoweza kuyaharakisha mwenyewe. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai na jina lake linafanana, herufi kwa herufi, na la vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA. Jina la ndoa likiingia kwenye kimoja na kukosekana kwenye kingine, faili hukaa. Waarifu wadhamini wako kwamba watapigiwa, na uwaambie hospitali gani. Kama hujachanjwa homa ya ini B, anza sasa: dozi ni 3, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza, na kadi yenye dozi ya kwanza ni bora kuliko kutokuwa na kadi.

Dalili za kwamba nafasi imekufa ni nyingine: tangazo lilelile limerudi, kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mwenzake, au mshahara umeanza kushuka katika kila simu.

Wanataka vyeti halisi viachwe ofisini, au nitume hela ya fomu.

Vyeti halisi vioneshe, vikaguliwe mbele yako, uondoke navyo. Acha nakala zilizothibitishwa na wakili. Kuna waajiri wanaoshikilia vyeti ili mtu asihame, na mwenye vyeti vilivyofungiwa kabatini hawezi kwenda usaili kwingine.

Hela ya fomu, ya usaili, ya "kusukuma faili" au ya sare kabla ya barua: usitume. Gharama ya vipimo vya afya ni jambo tofauti kidogo. Baadhi ya hospitali humtaka mwombaji ajilipie. Hapo unalipa maabara, dirishani, unapewa stakabadhi. Namba binafsi ya simu haihusiki.

Wameniambia nianze kesho, barua itafuata.

Kama huna kazi nyingine, unaweza kuanza, lakini usianze gizani. Usiku huo tuma ujumbe: "Nathibitisha kwamba naanza kesho tarehe fulani, zamu ya asubuhi, wodi fulani, kwa mshahara wa kiasi fulani." Piga picha ratiba ya zamu yenye jina lako kila inapobandikwa, ila hakikisha hakuna jina wala taarifa ya mgonjwa ndani ya picha. Saini kitabu cha mahudhurio kila siku. Mwisho wa mwezi wa kwanza, angalia kama mchango wako wa NSSF umeingia.

Kataa "kujitolea wiki mbili tukuone". Usaili wa vitendo wa saa chache, chini ya uangalizi, ni sawa. Wiki mbili za zamu kamili ni kazi, na kazi hulipwa. Lipo pia suala la weledi: muuguzi asiye na karatasi akikosea dozi, hospitali inaweza kusema haimtambui, wakati Baraza linamtambua vizuri kabisa kwa namba yake ya usajili.

Mwezi ukiisha bila barua wala mshahara, andika madai kwa mwajiri, kisha nenda CMA. Madai ya kawaida yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu.

Barua imekuja, lakini si tuliyozungumza.

Usisaini papo hapo. Omba siku 2, uisome nyumbani. Tofauti zinazojitokeza sana ni wodi, muda na majaribio. Wodi kwa kawaida haina ugomvi, kwa kuwa barua nyingi huandika "utapangiwa kazi popote". Kama ulikubali kwa sababu ya chumba cha upasuaji, omba kiandikwe.

Muda ni jambo zito zaidi. Kwa wanataaluma, mkataba wa muda maalumu haupaswi kuwa chini ya miezi 12, hivyo mkataba wa miezi 3 unaorudiwarudiwa una kasoro. Majaribio yanatakiwa yawe ya muda wa kuridhisha, yasizidi mwaka 1. Miezi 3 hadi 6 ndiyo tunayoiona mara nyingi, na kwa muuguzi mwenye uzoefu zaidi ya hapo inahitaji maelezo. Likizo isipungue siku 28 kwa mwaka.

Tazama pia kifungu cha kufungwa: "akiondoka kabla ya miaka 2 atalipa mishahara ya miezi 3" au kitu kama hicho, hasa hospitali inapoahidi kukusomesha. Kiasi cha kulipa kifungwe kwenye gharama halisi ya masomo.

Nina ahadi ya hospitali A na barua ya hospitali B. Nifanye nini?

Mpigie A leo. "Nimepata barua sehemu nyingine, natakiwa kujibu Ijumaa, ningependa zaidi kuja kwenu, barua inaweza kutoka kabla ya hapo?" Sema hivyo ikiwa ni kweli tu. Ijumaa ikifika bila kitu, chukua B. Kukubali B huku ukiendelea kuisubiri A kimyakimya kutakuletea matatizo siku A watakapokumbuka.

Walikuwa tayari kuniajiri, wakajua ni mjamzito, wakanyamaza.

Sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa, dini, ulemavu, VVU na mengine, na kinga hiyo inamfikia hata mwombaji wa kazi. Hapa, tofauti na ahadi ya kawaida iliyovunjika, una hoja ya kupeleka CMA hata kama hukuanza kazi. Unachohitaji ni mtiririko wa ujumbe unaoonyesha walisema nini kabla na nini baada.

Na ajira ya serikali? Nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa.

Nafasi za serikali hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na majina ya waliofaulu hutolewa hadharani pamoja na maelekezo ya kupangiwa kituo. Ingia kwenye akaunti yako uangalie. Anayekupigia akitaka hela ili jina "lisiondolewe" ni tapeli, hata kama anajua namba yako ya usaili.

Uingereza au Ghuba je?

Huko "umepata" karibu kila mara ni kwa masharti. Hospitali za NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) hufanya uhakiki wa aina 6: utambulisho, haki ya kufanya kazi, sifa na usajili, historia ya ajira na wadhamini, rekodi ya jinai, na afya. Usajili wa NMC (baraza la uuguzi na ukunga la Uingereza) na cheti cha udhamini cha viza vinakuja juu ya hayo. Usiache kazi kabla viza haijatoka. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kuja kuvuna wauguzi kutoka nchi hizo, ingawa wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja. Kwa hiyo wakala aliyekupigia Mwanza na kazi ambayo hukuiomba tayari anavunja kanuni, na akidai ada anavunja mara mbili.

Saudia huhakiki vyeti kupitia kampuni ya DataFlow na mtihani hufanyika katika vituo vya Prometric. Mkataba uwe mkononi kabla ya safari, ukitaja hospitali, mshahara, makazi na tiketi. Wakala wa Tanzania awe na kibali cha Kamishna wa Kazi, uliza TaESA (Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania).

Kenya sheria ni ileile?

Hapana. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe, na maelezo yake yatolewe ndani ya miezi 2 tangu kuanza. Majaribio hayazidi miezi 6, yakiongezwa kwa ridhaa yako yasizidi 6 mingine, na notisi ndani ya majaribio ni siku 7. Likizo ni siku 21 za kazi. Ushauri wa kutotoa notisi kabla ya barua haubadiliki ukivuka Namanga.